Wazazi Wanapotofautiana, Mtoto Hangoji



Wapendwa waamini, nanyi nyote mnaotusoma kila juma, safari hii tumeona vema tutafakari jambo ambalo halitangazwi kanisani wala halisemwi wazi kwenye Jumuiya Ndogo Ndogo, bali hutufikia ofisini kwa sauti ya chini, mlango ukiwa umefungwa. Ni habari ya mtoto mdogo asiyekua kama wenzake. Umri wa kukaa umepita na hajakaa. Umri wa kutembea umepita na hajasimama. Au anatembea vizuri lakini hasemi neno, haitiki aitwapo jina, wala hamtazami mama yake usoni. Na juu ya mzigo huo upo mzigo wa pili, ambao ndio hasa tunaotaka kuuzungumzia: mzazi mmoja anasema twende hospitali, na mwenzake anasema tumwache, atakua.

Tusidhani ni jambo la nyumba moja au mbili. Katika miaka ya utume wetu kandokando ya ziwa hili, mjini Mwanza na visiwani, tumelikuta kwa wasomi na kwa wasiojua kusoma, kwa wenye nyumba za vigae na kwa wapangaji wa chumba kimoja. Mara nyingi mama ndiye anayetaka kwenda na baba ndiye anayekataa. Lakini tumekutana pia na baba aliyembeba mwanawe mgongoni hadi zahanati, huku mama akilia nyuma yake kwamba anaianika aibu ya nyumba. Kwa hiyo asiisome mtu tafakari hii akitafuta fimbo ya kumchapia mwenzake.

Tuwaeleze habari ya wenzetu wawili waliokubali tuisimulie, tukiwa tumebadili mambo machache ili wasitambulike. Baba ni mvuvi wa dagaa; mama anauza samaki soko la Mwaloni, Kirumba. Mtoto wao wa tatu, wa kiume, alikuwa na miaka miwili na miezi mitatu. Hakuweza kusimama bila kushikwa, na hakuwa na neno hata moja. Kwa karibu mwaka mzima mama alitaka ampeleke Bugando, na kwa muda huohuo baba alikataa. Walikuja kwetu ili tuamue nani yuko sahihi.

Hatukuamua. Tulimwomba kila mmoja atusimulie siku ya mtoto huyo, tangu anapoamka hadi anapolala. Mama alieleza bila kusita: jinsi uji unavyomtoka pembeni mwa mdomo, jinsi mkono wa kulia unavyokaa umekunjwa ngumi, jinsi anavyocheka kuku wakipita mlangoni. Baba alianza vizuri, akasema mtoto ni mchangamfu na ana nguvu. Kisha akafika kwenye kulishwa, akanyamaza. Hakuwa amewahi kuona.

Wanaoifahamu kazi ya dagaa wataelewa mara moja. Dagaa huvuliwa usiku kwa taa, na taa hufaa wakati wa giza. Mwezi ukiwa mkubwa, wavuvi hutia nanga na kupumzika. Baba huyu huwa kambini kisiwani siku zote za giza, na hurudi nyumbani siku za mbalamwezi. Akifika, mtoto ameogeshwa, amevalishwa nguo safi, anamfurahia baba yake. Siku chache baadaye baba huondoka tena, na arudipo humkuta mtoto ameongezeka kimo kidogo. Machoni pake mtoto anakua. Mama humwona kila asubuhi na kila jioni, tena humwona pembeni mwa watoto wa jirani waliozaliwa mwaka uleule. Machoni pake mtoto amesimama mahali pamoja huku wenzake wakienda.

Wapendwa, hapa ndipo tunapoomba mtulie kidogo. Wawili hawa hawakuwa na upendo pungufu, na hakuna aliyesema uongo. Kila mmoja aliishuhudia kweli ya macho yake. Ugomvi mwingi wa aina hii huonekana kuwa ugomvi wa nani anampenda mtoto zaidi, kumbe ni tofauti ya nani amekaa naye zaidi. Ukilitambua hilo, hasira hupungua, kwa maana mtu hahitaji tena kushindwa, anahitaji kuonyeshwa.

Baba yule alikuwa na hoja nyingine: "Padre, mimi mwenyewe nilitembea nikiwa na miaka miwili. Muulizeni mama yangu." Tusimcheke. Ni kweli kwamba watoto hawakui kwa kengele moja. Mwaka 2006 Shirika la Afya Duniani lilitoa viwango vya hatua za mwili vilivyopatikana kwa kuwafuatilia watoto wenye afya njema katika nchi za Ghana, India, Norway, Oman na Marekani. Ilionekana kwamba mtoto mzima aweza kukaa bila kuegemezwa kabla hajatimiza miezi 4, na mwingine mzima vilevile akasubiri hadi baada ya miezi 9. Mmoja hutembea peke yake akiwa na miezi 8 na kitu, mwingine akiwa na miezi 17 na nusu. Nafasi ni pana, na mama wa jirani mwenye mtoto aliyewahi hana haki ya kumtisha mama wa aliyechelewa. Lakini nafasi hiyo, pamoja na upana wake, ina ukingo. Mtoto aliyepita mwezi wa 18 asitembee, aliyefikisha miaka miwili asiunganishe maneno mawili, asiyegeuka mlango ukigongwa, anayetumia mkono mmoja tu tangu uchangani, na hasa yule aliyekuwa na neno au hatua kisha akaipoteza, huyo aonekane na mtaalamu. Kuonekana si kuhukumiwa. Wengine hupimwa na kuambiwa nendeni kwa amani, mtoto wenu ni mzima.

Sababu za kuchelewa ni nyingi, na hapa kwetu nyingine ni za kawaida mno. Mtoto aliyechelewa kulia alipozaliwa huenda ubongo wake ulikosa hewa. Manjano kali ya siku za mwanzo, isipotibiwa, hudhuru ubongo na masikio. Malaria iliyopanda kichwani na kuleta degedege, homa ya uti wa mgongo, kuzaliwa kabla ya wakati, maji yanayojikusanya kichwani hadi kichwa kinakuwa kikubwa, ugonjwa wa seli mundu ambao umeenea sana Kanda hii ya Ziwa na ambao waweza kumletea mtoto kiharusi: yote haya huacha alama. Tena yapo mambo anayozaliwa nayo mtu, kama usonji na ugonjwa wa Down, ambayo hayaletwi na uzembe wa mama wala dhambi ya baba.

Mitaani, hata hivyo, majibu ni mepesi zaidi. Asiyesema huambiwa ana udata, ulimi umeshikwa, akatwe. Wakati mwingine shida haiko kwenye ulimi, iko kwenye sikio, na hakuna aliyefikiri kupima sikio. Wengine husema nyumba yenye Kisukuma na Kiswahili humchanganya mtoto, ilhali watoto duniani kote hukua na lugha mbili wakazisema zote. Asiyetembea hufukiwa miguu mchangani hadi kiunoni ili apate nguvu. Hayo hupoteza miezi, na miezi ya mtoto mdogo si sawa na miezi yetu sisi watu wazima. Ubongo wa mtoto katika miaka ya kwanza ni kama udongo wa mfinyanzi ungali na maji. Wahenga walisema samaki mkunje angali mbichi, nasi watu wa ziwa hatuhitaji kufafanuliwa. Mwenye maji kichwani, upasuaji ukichelewa, ubongo huzidi kuumia. Asiyesikia, akikaa miaka bila msaada wala ishara, hukosa lugha, na pamoja na lugha hukosa mengi. Ndiyo maana tumesema mtoto hangoji. Wazazi waweza kuahirisha mjadala hadi mavuno, hadi mahari ya binti mkubwa, hadi mwezi mwingine; mtoto haahirishi kukua.

Lipo jibu la mitaani lililo baya kuliko yote, nalo ni lile linaloanza na swali la nani. Nani amemroga? Kanda yetu inajua swali hilo huishia wapi. Tumezika vikongwe waliouawa kwa sababu macho yao yalikuwa mekundu, macho yaliyokaushwa na moshi wa jikoni miaka sitini. Tumeomboleza ndugu zetu wenye ualbino waliowindwa kwa ajili ya viungo vyao, na mwaka 2015 Serikali ililazimika kupiga marufuku wapiga ramli. Mzazi anapomkataza mwenzake kwenda kwa daktari na badala yake kuagiza mpiga ramli, asidhani anachagua kati ya dawa mbili tu. Huenda anafungua njia itakayofika mlangoni kwa bibi asiye na hatia. Na mara nyingi kidole cha kwanza humwelekea mama mwenyewe: huyu katuletea ugonjwa wa kwao. Katika kaya zetu nyingi ambako ng'ombe walitolewa na mtoto huhesabiwa kuwa wa ukoo wa baba, mama aliyeolewa hana wa kumsemea mbele ya wakwe.

Tulipozidi kuzungumza na mvuvi yule, mkewe akiwa kando amejifunika khanga, kilichokuwa chini ya maneno yake kilijitokeza. Hakuwa akiamini kweli kwamba mtoto atatembea wenyewe. Alikuwa akiogopa. "Nikienda pale wakaniambia hataweza, nitarudi na nini, Padre? Sasa hivi angalau sijaambiwa." Akaongeza kwamba kwao wazee wamekwisha kumnong'oneza aoe mwingine. Mkewe hakuwa amelisikia hilo. Alilia kidogo, kisha akasema: "Baba watoto, ungeniambia. Mimi nilidhani humtaki."

Tunawasihi waume wanaotusoma wayapime maneno hayo ya mama. Mwanamume akikaa kimya kwa hofu, mkewe husikia chuki. Na mwanamke akirudia ombi lilelile kila siku kwa machozi, mumewe husikia lawama. Hofu na uchungu huishi nyumba moja, vikila sahani moja, bila kujuana majina.

Katika Injili ya Marko, sura ya tisa, yupo baba aliyemleta mwanawe kwa Yesu, mtoto mwenye kuanguka na kutokwa povu. Kabla ya kumponya, Bwana alimwuliza baba yule ni tangu lini mtoto amekuwa katika hali hiyo, na baba akajibu kwamba ni tangu utotoni, akaeleza pia jinsi mara nyingi alivyoangukia motoni na majini. Tumeisoma Injili hiyo mara nyingi, na siku hizi hatupiti kwenye swali hilo haraka. Ndilo swali la kwanza la kila daktari mwema. Na baba yule aliweza kulijibu! Alijua ni tangu lini, alijua moto, alijua maji. Imani yake ilikuwa imechanganyika na mashaka, naye alikiri hivyo mbele ya Bwana, wala hakufukuzwa. Kwa hiyo baba mwenye hofu asidhani lazima kwanza awe jasiri ndipo aende. Aende na hofu yake, ila ajue jibu la tangu lini.

Tena tusiwadanganye watu kwamba sala na hospitali ni njia mbili zinazoachana. Yoshua bin Sira, sura ya 38, anafundisha kumheshimu tabibu kwa kuwa naye ametoka kwa Mungu, na dawa zimetoka katika ardhi aliyoiumba Mungu huyohuyo. Hospitali ya Bugando, iliyofunguliwa mwaka 1971 juu ya mlima unaoonekana na kila anayeingia Mwanza kwa meli, ni nyumba ambayo Kanisa na Serikali wameshika pamoja. Anayepanda mlima ule akiwa na mtoto hajaiacha imani yake bondeni. Vilevile Sheria za Kanisa za mwaka 1983, kanuni ya 1136, zinaweka juu ya wazazi, si juu ya mmoja wao, wajibu mzito kabisa wa kumlea mtoto kimwili, kijamii, kimaadili na kidini. Kimwili pia. Na sheria za nchi zinakubaliana: Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inamtaja waziwazi mtoto mwenye ulemavu, na haki yake ya matunzo maalumu, matibabu na elimu.

Sasa mtatuuliza, je, wazazi walewale walifanya nini? Walikubaliana jambo dogo. Siku za mbalamwezi zilizofuata, baba alibaki nyumbani, na kazi ya kumlisha na kumwogesha mtoto akaishika yeye. Hakuambiwa akubali chochote, aliambiwa atazame. Siku ya nne alimwambia mkewe watafute nauli. Walianzia zahanati wakiwa na kadi ya kliniki, wakapata barua ya rufaa, wakapanda hadi Bugando wote wawili. Daktari aliuliza tangu lini. Mama alieleza kuzaliwa, mtoto aliyechelewa kulia. Baba alieleza mkono uliokunjwa. Waliambiwa ni mtindio wa ubongo.

Hatutawaambia kwamba mtoto sasa anakimbia, maana hakimbii. Walifundishwa mazoezi ya viungo ya kufanya nyumbani kila siku, namna ya kumkalisha na kumlisha asipaliwe. Baba, mwenye mikono iliyozoea kutengeneza mitumbwi, alimchongea kiti chenye mkanda na fito mbili sambamba za kushikilia. Mtoto husimama akizishika. Ana maneno mawili, na moja ni jina la kuku. Wazazi wanatofautiana bado: kuhusu shule, kuhusu nauli, kuhusu kuzaa tena. Lakini wanatofautiana wakiwa upande mmoja wa mtumbwi, na wazee waliokuwa wakinong'ona wamejibiwa na baba mwenyewe, si na mama.

Kutokana na hayo, wapendwa, tunaomba kuwaachia mambo matatu.

Kwanza, kwa mzazi anayetaka kwenda: usimshtaki mwenzako, mkaribishe. Mwambie akae na mtoto siku kadhaa, mwandike pamoja anachoweza na asichoweza, na tangu lini. Lakini kukaribisha kuna mwisho wake. Ukiona majuma yanageuka miezi, mchukue mtoto uende. Utii wa ndoa haujawahi kumaanisha kumwacha mtoto bila tiba, na akuhojiye mwambie aje parokiani.

Pili, kwa mzazi anayekataa: hukumu unayoiogopa haitoki hospitalini. Hali ya mtoto ipo tayari, imeambiwa au haijaambiwa. Daktari haiongezi kwa kuipa jina. Anakupa pa kuanzia. Mficha maradhi, kifo humuumbua. Lakini hapa anayelipa si aliyeficha, ni mtoto asiyeweza kujisemea.

Tatu, kwa ndugu na Jumuiya zetu. Waliompeleka aliyepooza kwa Yesu, Injili yasema, walikuwa wanne, nao walitoboa dari. Wazazi hawa ni wawili tu, na mara nyingine wanavutana. Wahitaji wengine wawili. Wa kutoka Sengerema sasa wamepunguziwa safari kwa daraja la Kigongo–Busisi lililofunguliwa Juni 2025. Wa Ukerewe na Ukara bado wanangoja meli, na kliniki za mazoezi si za siku moja. Jumuiya inayochanga kwa ajili ya msiba iweze pia kuchanga nauli ya aliye hai. Bibi anayejua kumshika mtoto ajitolee siku moja kwa juma mama apumzike. Na sisi sote tuache swali la nani, tujifunze kuuliza, tukusaidieje.

Kila Jumatano alasiri ofisi ya parokia iko wazi kwa wazazi wenye watoto wa namna hii, wakija mmoja mmoja au wawili wawili. Walete watoto pia Jumapili, wasifichwe ndani. Wakipiga kelele wakati wa mahubiri, mahubiri yatangoja.

Mwenyezi Mungu, aliyemkabidhi Mwanawe mikononi mwa wazazi wawili, awape wazazi wetu wote macho ya kuona pamoja. Tukutane juma lijalo. Amani ya Kristo iwe nanyi.